Meya Aliyekwenda Kuaga

Watu wa Hollersbrück, mji wetu mdogo wa Ujerumani, wakikwambia kaka yangu alikuwa shujaa, waitikie tu, halafu uje kwangu. Mimi Ottilie ndiye niliyempikia tangu afiwe na mkewe, na nakwambia Burkhard Ahlers alikuwa na kichwa kigumu ajabu.

Baba yetu, mtengeneza ngozi, alijinyima hata bia ili amsomeshe sheria chuo kikuu cha Göttingen. Akarudi na udaktari wake wa sheria na kovu la upanga shavuni, lile la mchezo wa panga walilojivunia wanafunzi wa siku hizo. Akawa hakimu, kisha meya. Kazi aliiweza, sikatai. Alituletea maji ya bomba, na mpangaji akinyanyaswa na mwenye nyumba alijua pa kukimbilia.

Chama kiliposhika nchi nilimsihi: "Kaka, jiuzulu."

"Meya hautupi mji wake, Ottilie."

Akabaki, na kila alicholetewa akakitia sahihi. Siku walipomtoa daktari Löwenthal nyumbani kwake kwa sababu ni Myahudi, daktari aliyemuuguza mkewe mpaka pumzi ya mwisho, sahihi ilikuwa ya kaka yangu.

"Ni amri halali," akaniambia mezani.

"Halali ya nani, wewe? Huna haya!" Nikaibeba supu yake nikaimwaga. Alilala njaa, na sikumwonea huruma.

Vita vikafika kwetu mwezi wa Aprili. Mizinga ya Wamarekani ilisikika nyuma ya vilima. Kröger, mkuu wa Chama wilayani, aliwapanga wazee na watoto wa shule darajani wapigane mpaka mtu wa mwisho. Lisbeth mwoka mikate, ambaye mwanawe Anton alikuwa miongoni mwao, akaja na wanawake wenzake ofisini kwa kaka, nami nikiwapo nimempelekea chakula.

"Bwana Meya, mwanangu hajaota hata ndevu!"

"Kusalimisha mji ni kazi ya jeshi, Bi Lisbeth. Mimi sina mamlaka."

"Una mamlaka gani basi? Ya kufungisha ndoa? Watoto wakiisha utamwoza nani?"

Kaka akainuka kitini, akaniambia, "Niletee koti langu jeusi. Na shuka jeupe."

Jamani, nilitamani kumbusu! Tulilifunga shuka kwenye mpini wa ufagio, tukatoka. Njia ya kinuni ilikuwa wazi, haina mlinzi, na Wamarekani walikuwa ng'ambo tu ya shamba. Tulipofika njia panda, kaka akakunja kuelekea shuleni, alikokaa Kröger.

"Wapi huko?"

"Naenda kuaga. Meya hatoki nje ya mpaka bila kumwarifu mkubwa wake."

"Umerukwa na akili? Atakuua!"

"Nikipita kichochoroni mimi ni mtoro tu, Ottilie. Nikiaga, nafika kule nikiwa meya, na neno langu litakuwa neno la mji."

Nilimng'ang'ania koti, nikalia, nikamtukana. Akanitoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akaingia. Nilibaki chini ya dirisha nikisikia kila neno.

"Naarifu kwamba naondoka mjini kwenda kuusalimisha."

Kröger akacheka. "Dokta, umekuja kuniomba ruhusa?"

"Siombi. Naarifu."

Askari wa Kröger walimnyonga kaka kwenye nguzo ya taa mbele ya ofisi yake, mchana kweupe, wakamtundika kibao shingoni kilichoandikwa msaliti. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Kröger akapanda gari lake akakimbilia mashariki. Lakini askari wake wachache walibaki darajani, na baada ya kuiona ile nguzo, hakuna mama aliyethubutu kwenda kumvuta mwanawe nyumbani. Nani angethubutu? Nami nililiacha shuka barabarani, sikulipeleka kwa Wamarekani. Mungu anisamehe, niliogopa.

Wamarekani walipofika watoto wakafyatua risasi, nao wakajibiwa. Haikuchukua muda. Lisbeth alimbeba Anton mwenyewe mpaka sokoni, mbele ya ofisi ya kaka, akamlaza juu ya mawe ya barabarani, akamfunika kwa aproni yake.

Afisa mmoja wa Wamarekani, kijana aliyejua Kijerumani kidogo, akashuka garini akatutazama sisi wanawake. Aliuliza kwa adabu kabisa meya ni nani, maana alihitaji mtu wa kupatana naye ili risasi zisipigwe tena.

Lisbeth akainua mkono uliojaa damu, akamwonyesha nguzo.