Kipande cha Chupa Kidoleni

Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, ni sonara. Kazi yake hasa ni kupachika mawe kwenye pete na hereni. Kwa kuwa amezoea kubana jicho moja huku jingine likichungulia kwenye lenzi, hata akisalimiana na watu barabarani hulibana, ndiyo maana wanamwita Konyezo. Mama mmoja muuza vitambaa aliwahi kwenda kumshtaki kwa mkewe, eti anamkonyeza. Mama Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada yangu, hata mimi ananikonyeza mezani, kumbe anataka chumvi tu!"

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la saa. Chini ya meza ametundika ngozi inayodaka vumbi la fedha na mawe yanayomponyoka. Hapo hushinda ameinama, akiyabembeleza mawe kama watoto: "Tulia, mama. Kidogo tu, tumalize."

Alipooa, alikuwa bado anajifunza kazi na hakuwa na jiwe la kumvisha bibi harusi. Akaokota kipande cha chupa ya dawa ya buluu, akakisaga wiki mbili mpaka kikang'aa, kisha akakipachika kwenye pete ya fedha. Mkewe alipouliza ni jiwe gani, akajibu, "Yakuti." Neno likishatoka limetoka. Alikaa nalo moyoni miaka thelathini na mmoja.

Mwaka jana alipata yakuti ya kweli, ndogo kama punje ya dengu, rangi ileile. Akamwambia mkewe pete inahitaji kusafishwa. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka hereni yangu kutengenezwa, akanisimulia siri yote huku akiyafungua makucha ya pete, vile vijino vinne vinavyolishika jiwe. Akaitoa chupa, akaiweka yakuti, akayakunja makucha moja moja.

Alasiri Mama Mkubwa akaifuata pete mwenyewe. Akaivaa, akaigeuzia dirishani, akaivua.

"Hii si yangu."

"Ni yako, mama watoto. Nimeing'arisha tu."

"Yangu ina kipovu pembeni, kama yai la sisimizi. Kila ukiniudhi nakitazama mpaka hasira ziishe. Kiko wapi kipovu changu?"

Baba Mkubwa akavua lenzi. Sijawahi kumwona amenywea vile.

"Nisamehe. Ile haikuwa yakuti. Ilikuwa chupa."

"Najua ni chupa. Mama yangu alikuwa akinywa dawa ya chupa zilezile."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ya harusi."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Akavuta kigoda, akakaa. "Niliviona vidole vyako vimechubuka. Mtu amesaga chupa mpaka ngozi imemtoka kwa ajili yangu, mimi nianze kumdai yakuti? Hebu nirudishie kitu changu. Au umeshakitupa?"

"Nitakitupaje!" Kilikuwa mfukoni mwa shati lake, kimefungwa kwenye pamba.

Kukirudisha ndiko kulikokuwa kazi. Kucha moja, kwa kukunjwa na kukunjuliwa, likakatika. Ikabidi alehemu jipya, asubiri pete ipoe, alipige tupa, ndipo akikalishe kile kipande. Yakuti huvumilia kusukumwa. Chupa ukiikaza kidogo tu, inapasuka. Jasho likamtiririka puani.

"Usipumue," akasema.

"Nisipumue mimi, au wewe?"

"Sote wawili!"

Nami pia nilibana pumzi. Kucha la mwisho likalala mahali pake bila sauti. Mama Mkubwa akaipokea pete, akakitafuta kipovu, akakiona.

"Haya," akasema, akimfuta mumewe jasho kwa upindo wa khanga yake, "sasa umenivisha mara mbili. Na hujaniuliza hata leo kama nimekubali."

"Umekubali?"

"Funga mlango twende nyumbani, njaa inaniuma."

Ile yakuti ilimwendea binti yao mkubwa, ambaye ni mwalimu. Akiulizwa ni jiwe gani husema ni yakuti, na wenzake shuleni mpaka leo hawamwamini.