Salamu Tulizouza Barabarani

Juzi nilikuwa kwetu Nanyala nikisubiri gari la Tunduma, nikamsikia mtoto akimkimbilia mgeni mwenye kamera: "Mzungu, nipe pipi!" Watu wakacheka. Mimi niligeuka kutazama nyuma yangu, kama zamani. Ngoja nikwambie kwa nini, rafiki yangu.

Enzi za Mwingereza barabara hii ilikuwa vumbi tupu. Kila kiangazi Wazungu waliokuja kutalii walipita na magari yao wakitokea mpakani, wakasimama kwetu kunywa maji na kupiga picha. Nisiwe mnafiki, walitufaa. Mama aliwauzia mayai na ndizi, tukapata chumvi, sukari, hata gauni langu la kwanza la shule. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema huku akipanga mayai kwenye ungo.

Walichopenda zaidi ni salamu yetu. Kwetu mtoto wa kike humpigia mkubwa magoti, akapiga makofi polepole, akasubiri kuitikiwa. Wageni walituomba turudie, tena na tena, kisha wakatupa pipi. Basi! Tukisikia mngurumo tu, kuni chini, ndoo chini, mbio barabarani, magoti vumbini, kiganja wazi.

Bibi, mama yake baba, alichukia sana. "Atapona nini huyo mwenyeji, adabu ikishauzwa?" Mimi nilirithi jina la mama yake Bibi, hivyo nikimwamkia aliitikia, "Ee, mama yangu." Hakuna mjukuu mwingine aliyeitwa hivyo. Kila nilipokimbilia gari niligeuka kutazama kama yuko uani, nikiogopa asije akaninyima neno hilo.

Mwaka mmoja alikwenda kwa ndugu zake, kijijini Mbebe, akakaa mwezi mzima, na magari yakapita karibu kila siku. Aliporudi nilimwona kwenye njia ya migombani, nikamkimbilia kwa furaha. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Halafu, jamani, mkono ukanyooka wenyewe, kiganja juu, kama kwa Mzungu.

Bibi akakitazama kile kiganja. Akaingiza mkono kikapuni, akaniwekea konzi ya karanga, akanipita, akaendelea na njia yake.

Siku hizi ni lami, magari hayasimami, na salamu ile wajukuu zangu hawaijui. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akinisuka, akinitania. Lakini nikimwamkia aliitikia "Ee" tu, nami nikabaki magotini kidogo, nikisubiri amalizie.