Kiganja Chini ya Kitanga

Kaka yangu Abdulsamad amepima karafuu hapa Wawi, Pemba, kwa miaka arubaini, na mimi nimemvumilia miaka hiyo hiyo. Siku hizi vituo vya kununulia vina mizani za kidijitali, lakini watu bado hupitia kwake kwanza, kwenye mizani yake ya shaba ya vitanga viwili. Kabla ya kupima huinua kila kitanga, akapitisha kiganja chini yake kutafuta kama kuna kilichogandishwa. Hata karafuu zangu mimi, dada yake wa tumbo moja, hazisalimiki. Nimenuna mara nyingi, wala hajali.

Mwaka huu binti yake Laila, mwalimu wa fizikia, alipata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa fizikia Italia. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nina harusi. Tiketi ikaja, sanduku likanunuliwa, ikabaki radhi ya baba tu. Kwetu mtoto haendi safari kama hiyo bila dua ya mzazi, na Laila alisema hatapanda ndege bila ya kuombewa.

Kaka akataka kwanza kujua anakwenda kutafuta nini. Laila akamweleza kwamba kuna chembe inaitwa Higgs, ndogo kuliko vumbi la vumbi, ambayo ni nyepesi mno kuliko hesabu zinavyotaka. Wataalamu wanajiuliza kwa nini, na miaka karibu hamsini sasa hawana jibu. Kaka akasema swali la miaka hamsini lingeachwa lipumzike, na yeye hawezi kuliombea dua jambo asilolijua uzito wake. Hakusema kwa hasira. Alikuwa mkweli tu, na ukweli wake huo ndio uliotaka kuniua. Laila akalia jikoni kwangu huku akikuna nazi, nami nikamsema kaka yangu maneno ambayo sitayaandika.

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya safari, Laila alitandika jamvi uani akaitoa mizani. Kwenye kitanga kimoja akamimina bakuli la karafuu zetu, kwenye cha pili bakuli la karafuu za jirani yetu Haitham. Ulimi wa mizani ukasimama wima. Akaongeza karafuu moja upande wetu, ulimi ukalala kidogo.

Kaka akaiweka chini kahawa yake. Akainua kitanga, akapitisha kiganja. Akainua na cha pili. Akakagua minyororo, pete kwa pete.

"Nani kapima hizi kabla?" akauliza.

"Kwa nini, Baba?"

"Haiwi. Shamba huku, shamba kule, halafu zilingane hivi, karafuu moja tu ilaze ulimi? Pana mkono wa ntu hapa."

Laila akakiri kwamba tangu alfajiri alikuwa akipunguza na kuongeza. Kisha akamwambia kuwa ile chembe nayo iko hivyo hivyo. Kwa hesabu, uzito wake unatokana na mafungu makubwa ajabu, mengine yakiongeza na mengine yakipunguza, yanafutana mpaka inabaki nyepesi vile. Kitanga kimoja kingebeba karafuu zote za Pemba, cha pili karafuu zote za dunia iliyobaki, na tofauti isifike hata unga wa karafuu moja. Wako wanaosema imetokea tu. Wengine hawakubali, wanatafuta kilichofichwa chini ya kitanga, na mpaka leo hawajakiona.

Kaka akarudisha kiganja chini ya shaba.

"Mie mizani hiyo nisingeipokea," akasema mwishowe. "Nenda, mwanangu. Radhi zangu zote unazo. Katazame chini."

Akainua mikono pale pale uani, akamwomba Mola amfungulie mwanawe. Mimi niliyenuna wiki nzima niliitikia amin kwa sauti kuliko wote, nikiwa na furaha ya kunitoa machozi.

Jumapili tulimsindikiza uwanja wa ndege. Kaka hakukubali sanduku lipimwe mpaka alipoinama akapitisha kiganja chini ya mizani yao, mfanyakazi akimtazama. Sanduku likawekwa. Kilo kumi na tano kamili, ndizo zinazoruhusiwa kwenye ndege zetu ndogo, halikuzidi wala kupungua.

Kaka akageuka taratibu akanitazama.

"Mwatima, nani kapima hili kabla?"

Laila akacheka mpaka akajishika ubavu. Nilikuwa nimelipima mimi, kwa mizani yake mwenyewe, fungu kwa fungu, nikatoa kikapu kizima cha halua ili lisizidi.