Ndege ya Bogonko Juu ya Shamba la Pamela

Nashon Bogonko aliishi Rodi Kopany miaka mingi bila kupendwa, na hilo halikumkosesha usingizi hata siku moja. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa Kisii aliyehamia huko kwa Wajaluo kutafuta riziki, na kazi yake ilikuwa safi, awe anatengeneza kitanda au jeneza. Mdomo wake ndio uliokuwa mchafu. Mteja akiuliza kitanda kitakuwa tayari lini, aliambiwa aendelee kulala chini, mgongo utanyooka. Mkewe, Joyline, ndiye aliyekuwa akitoka nje kuwabembeleza wateja wasiende kwa fundi mwingine.

Kitu kimoja tu kilimlainisha: ndege. Si hizi za plastiki zinazouzwa madukani. Yeye aliunda za kizamani, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa vijiti na waya. Mbao alizipata kwa wavuvi wa Rusinga, za ule mti mwepesi unaoota majini ambao wao huukata kuwa vielea vya nyavu. Alizichonga zikawa mbavu nyembamba, akazivisha kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya koti la suti, halafu akapitisha pasi ya makaa polepole mpaka kitambaa kikajivuta na kukaza. Puani aliweka injini ndogo ya petroli. Betri na mitambo ya rimoti aliifungia tumboni, bila kuacha kifuniko, kwa sababu hakutaka ufa uharibu umbo. Waya mmoja tu wa kuchajia ndio uliotokeza nje.

Sasa, Bogonko alikuwa Msabato, na si wa jina tu. Jumamosi hakugusa hata msasa. Kwa hiyo ndege yake ilipaa Jumapili asubuhi, majirani wake Wakatoliki wakiwa misani na malisho aliporushia yakiwa matupu. Kwa akili yake hiyo ilikuwa heshima: hakuna mtoto wa kuumizwa, hakuna ng'ombe wa kutishwa. Majirani walioambiwa habari hiyo waliona mengine kabisa. Ni mtu gani anayengoja wenye mashamba waende kanisani ndipo apitishe mashine juu ya mashamba yao?

Aliyeumizwa zaidi na maneno hayo ni Pamela. Alikuwa mjane, na shamba lake lilipakana na yale malisho. Shemeji yake, Omondi, alikuwa akilimezea mate tangu siku ya mazishi, na alikwisha kumtisha kwamba ataleta mpimaji. Siku hizi wapimaji nao wanarusha mashine zenye kamera angani, jambo hilo Pamela alikuwa amelisikia. Jumapili moja hakwenda misani. Alisimama kwenye ua wake akangoja, na ndege ilipogeukia juu ya mahindi yake, akamwita mwenye ndege kwa kabila lake.

"Jakisii, hiyo kitu inatafuta nini kwa shamba yangu?"

Upepo wa ziwani ulikuwa unaisukuma ndege, na vidole vya Bogonko vilikuwa vimeganda kwenye rimoti. "Niache kwanza, mama. Nikikuangalia itaanguka."

"Ni Omondi amekutuma?"

Mtu mwenye adabu angesema ni mchezo tu, akamwonyesha mama wa watu ile ndege, wakacheka, yakaisha. Bogonko aliishusha ndege, akauendea ua huku damu imempanda kichwani. Yeye, fundi mzima, kutumwa kama kibarua na mtu asiyemjua?

"Ndio," akasema. "Ni Omondi. Na nimeshapima yote, kutoka kwa choo yako mpaka kwa barabara. Enda ukalie huko kwa nyumba."

Pamela alishika ncha ya leso yake, akaenda zake. Bogonko alicheka peke yake mpaka karakana, akamsimulia Joyline akidhani naye atacheka.

"Umeambia mjane hivyo?" Joyline akauliza. "Rudi umwambie ukweli. Sasa hivi."

"Nitaenda akishapoa."

Hakwenda. Hasira yake ilimtoka siku ileile, lakini kiburi kilibaki, na kiburi cha Bogonko kilikuwa kizito kuliko mbao zote za karakana yake. Kila alipomwona Pamela sokoni alijifanya anatazama viatu vya mitumba.

Maneno yalienea, na kila aliyeyapokea aliyatia chumvi. Ikawa Bogonko amepima kijiji kizima, Wakisii wanakuja na matingatinga. Wateja wakakauka. Asubuhi moja alikuta mlango wa karakana umepakwa mavi ya ng'ombe. Badala ya kujiuliza, alijibu kwa namna aliyoijua: Jumapili iliyofuata aliirusha ndege chini zaidi, ikapita juu ya mapaa ikinguruma, naye akafurahi.

Siku hiyohiyo walikuja, wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mbele alikuwa Walter, mzee wa kijiji, na nyuma yake watu wengi, Pamela akiwa miongoni mwao. Bogonko alikuwa ameiweka ndege juu ya meza ya kazi.

"Fungua hiyo ndege tuone kamera," Walter akasema.

"Haifunguki."

"Basi tutaifungua sisi." Kijana mmoja akasogea na panga.

Bogonko alimsukuma. Akachukua kisu chake mwenyewe, kwa sababu ikiwa ni lazima ife, haitakufa kwa panga la mtu asiyejua mbao. Akaipasua chini ya tumbo kwa mstari mmoja. Kitambaa kilichokazwa kikafunguka kwa sauti kavu, mbavu zikaonekana, nyeupe, na katikati yake betri na mitambo midogo ya kuvuta usukani. Alimchukia kila mmoja wao wakati huo, kutoka moyoni.

Walter aliingiza mkono ndani, akapapasa mpaka mkiani, akautoa mtupu. Watu wakaanza kutazamana.

"Mmeona?" Bogonko akasema. "Wajinga nyinyi. Mmeniharibia kazi ya miezi kwa ujinga."

Aliwangoja waone haya. Wengine waliona kweli, wakaangalia chini, naye alionja ushindi wake. Kisha Pamela akasogea mpaka mezani, akatazama ndani ya ndege kwa muda.

"Kwa hivyo hukupima," akasema.

"Sikupima chochote."

"Na Omondi?"

"Omondi mimi simjui hata kwa sura."

Pamela akatikisa kichwa taratibu. "Mimi niliita wazee. Nilijua kama Omondi ameshapima, atachukua yote. Nikasema afadhali nimpe nusu, nibaki na nusu. Ameshapanda minyaa ya mpaka katikati ya shamba. Upande wa chini ni wake sasa, ule mzuri, ule watoto wangu wanakula."

Bogonko alimgeukia Walter. Walter alikuwa anapangusa mkono wake kwa kitambaa. "Alikubali mwenyewe mbele yetu," akasema. "Hakuna mtu alimlazimisha."

Wa kumlazimisha alikuwapo, na alikuwa amesimama pale na kisu mkononi. Bogonko alilijua hilo. Alikiweka kisu chini.

"Mama, nilikuwa nimekasirika tu," akasema hatimaye. "Nitaenda kwa Omondi leo. Nitamwambia ilikuwa uongo, kwamba yeye hakunituma."

Pamela alimwangalia usoni, bila kupaza sauti.

"Hiyo Omondi anajua," akasema. "Amejua tangu siku ya kwanza."