Mume Wangu Ameandika Jina Lake Kwenye Jambia la Baba Yetu

Msomaji huyu ametuandikia kutoka Uchina. Jina lake tunabaki nalo sisi. Msomeni mpaka mwisho, kisha mumpe maneno ya kumsaidia, si ya kumcheka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Unguja, mama wa watoto wawili ambao nimewaacha kwa mama yangu. Mimi na mume wangu tupo Guangzhou tangu mwaka 1996. Yeye ananunua suruali na mashati soko la jumla la Shahe, mimi nasimamia ufungaji wa mizigo na kuisafirisha. Waswahili wa hapa tunahesabika kwa vidole, na gazeti lenu huletwa na kila anayetoka nyumbani, kwa hiyo mume wangu akisoma haya atajijua. Na ajijue tu, mwenzenu nimechoka.

Marehemu baba alituachia ndugu wanne jambia la zamani lenye ala ya fedha. Kwenye fedha ile lilichorwa, kwa herufi za Kiarabu, jina la kadhi mmoja wa Lamu aliyelimiliki kabla ya babu yetu kulinunua. Jambia haligawanyiki, tukakubaliana liuzwe kila mtu apate fungu lake. Kwa kuwa mimi ndiye mfanyabiashara, kaka yangu mkubwa alinikabidhi, akaniambia, "Hiyo ni amana, si mali yako."

Mnunuzi nilikuwa naye tayari. Ni mzee wa Kiarabu kutoka Muscat aliyekulia Unguja, Kiswahili chake kinatushinda sisi. Huja kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya mwezi wa nne na wa kumi, na tunamkuta akila kwenye mkahawa wa Waislamu hapo barabara ya Huanshi Zhonglu. Mambo ya silaha za kale ndiyo mapenzi yake. Mwezi wa saba nilikwenda nyumbani, nikalipiga jambia picha mbili. Niliporudi huku na lile jambia, picha moja nikampelekea kwa posta, nyingine nikabaki nayo.

Sasa sikieni vituko. Kazi ya mume wangu kutwa ni lebo. Akinunua suruali Shahe, humwambia yule laoban, yaani bosi wa duka, atoe lebo zote za kiwanda na kushona zenye jina la huyu mume wangu. Ndivyo tunavyouza Kariakoo, na ameanza kujulikana kwa jina hilo. Wiki chache zilizopita akalitoa jambia kabatini bila kuniuliza, akalipeleka kwa fundi wa Kichina. Likasuguliwa likameremeta kama sufuria mpya, jina la kadhi likafutwa lote, na mahali pake likaandikwa jina la mume wangu. Akanirudishia huku anacheka, anasubiri nimshukuru. Nilipomuuliza ni nini hiki, akasema kitu chenye jina la mtu mwingine hakiuziki, kila mfanyabiashara anajua.

Nililia mpaka kichwa kikauma. Nikadhani nimeshastaajabu ya Musa, kumbe ya Firauni yako njiani. Siku ya pili yake mzee akapiga simu kutoka Muscat, picha imemfikia, sauti yake imejaa furaha. Akanieleza kwamba majambia ya fedha anayo tele, na jina la mtu asiyejulikana hulishusha bei jambia, lakini yule kadhi anajulikana, na yeye mzee alisimuliwa habari za kadhi huyo na baba yake. Akasema, "Mwanangu, mimi nalinunua jina lile. Ala za fedha ninazo. Na wewe ni mtoto wa kwetu, siji na mtu wa kukagua." Nikaitikia naam, naam, bila kumwambia kwamba jina limeshafutwa.

Nilipomwambia mume wangu, hata hakushtuka. Akasema basi jambo dogo, fundi aliyefuta atafuta tena na kuandika upya la kadhi, aige kwenye ile picha iliyobaki, mzee ana macho mabovu hatajua. Nikamwambia huo ni wizi. Akaniuliza mbona suruali za lebo nazifunga mwenyewe na sijawahi kuona wizi. Hapo ndipo hasira zikanizidi.

Kumbe huku nyuma alishajisifu kwa kaka yangu kwenye simu kwamba amelitengeneza jambia na kulitia jina. Kaka akanipigia, akasema, "Mumeo ameandika jina lake kwenye kitu cha baba yetu. Amekirithi lini?" Nimeapa kwamba hakuwa na nia mbaya, na wallahi hakuwa nayo, lakini ndugu zangu wote watatu hawaniamini. Wanasema tumepanga, jambia tumelichukua sisi.

Nikimweleza mzee ukweli, hatanunua, ndugu zangu watapata bei ya fedha ya kuyeyusha na wataniita mwizi mpaka nife. Nikikubali ule uongo, kila mtu atapata fungu lake na kaka atanyamaza, ila nitakuwa nimemdhulumu mzee aliyeniita mwanangu, kwa jina la kadhi tena. Watu wananiambia mume ni wa kusitiriwa. Nimemsitiri mangapi?

Fundi hawezi kuiga bila picha, na picha ninayo mimi, nimeificha asikokujua. Kila siku anaidai. Leo asubuhi amesema nisipoitoa kabla mzee hajaja, nirudi Unguja nikaolewe na ndugu zangu. Mwezi wa kumi unakaribia, na huyu mtu bado nampenda. Wenzangu, ingekuwa nyinyi mngeitoa hiyo picha, au mngeichana?