Herufi Thelathini Zile Zile

Niliposema nyumbani kwamba nahitaji wiki moja ya kutulia ili nichague programu ya simu ya kukariri kanji, mama alielewa kwamba nimeanza kusoma. Sikumsahihisha. Ilikuwa sentensi moja tu, ningeweza kuisema huku nakunywa uji.

Nilikuwa na shahada ya ugavi na mwaka wa pili bila kazi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufanya mtihani wa Kijapani. Kama ningefaulu, ningekwenda Japani kwa mafunzo ya kazi. Mwalimu wetu, Mtanzania aliyewahi kuishi Japani, alitufundisha kila Jumamosi kwenye chumba karibu na stendi ya Buzuruga. Alisema tutahitaji kanji kama mia tatu, yaani zile herufi ambazo kila moja hubeba maana yake, na kwamba njia rahisi ni kadi za kwenye simu: upande huu herufi, upande ule maana. "Chagueni programu moja, mkae nayo," alisema. Wenzangu walichagua palepale, wakati anafuta ubao. Mimi nilitoa daftari nikaanza kupiga mistari ya jedwali la kuzilinganisha.

Tunaishi Kigongo. Tangu daraja lianze kutumika magari hayapangi foleni tena kusubiri kivuko, na mama, aliyekuwa akiwauzia abiria chai na samaki wa kukaanga, alihamia kwenye dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri, dagaa wanaanikwa kwenye chanja, na ikifika saa nne lazima mtu awepo kuwageuza, la sivyo wanagandana. Zamu hiyo ilikuwa yangu. Asubuhi dada yangu mkubwa alikuwa akienda Usagara kujifunza cherehani kwa fundi mmoja.

Mama akapanga upya zamu ya chanja. "Cherehani itakusubiri," alimwambia dada. "Mwenzako ana mtihani."

"Sawa," dada akasema. "Msomi asome."

Nikakaa ndani na simu. Programu ya kwanza ilirudisha kila kadi kwa vipindi, leo, kesho, baada ya siku nne, lakini ilikuwa na sura mbaya kama fomu ya ofisini. Ya pili ilikuwa na picha, nikahofia nitakumbuka picha nisahau herufi. Ya tatu ilitaka uandike kwa kidole. Je, mtihani una kuandika? Nilitumia siku mbili kutafuta jibu, na jibu lilikuwa hapana, lakini nikawaza, itakuwaje wakibadilisha? Ya nne ilihitaji mtandao. Ya tano nilisoma kwamba watu wengine wanaiona inachosha, nikaanza kuchoka kabla sijaifungua. Kila moja niliianza kwa kadi ya kwanza, ili kulinganisha kwa haki. Na zote, karibu tisa, zilianza na vitu vilevile: moja, mbili, tatu, jua, mwezi, mlima, mto, moto, maji. Herufi kama thelathini hivi nilizijua kuliko jina la ukoo wangu. Ya thelathini na moja sikuwahi kuifikia.

Kila Alhamisi jioni jumuiya yetu ya kanisani husali nyumba kwa nyumba, na kabla ya kumaliza kila mtu hutaja nia anayotaka iombewe. Zamu ilipofika kwetu, mama alisema, "Namwombea mwanangu. Anasoma herufi za Kijapani mchana kutwa."

Mwenyekiti, mama wa makamo anayeuza mitumba, akasema, "Hebu tuandikie moja, tujue tunaombea nini."

Niliandika mlima nyuma ya karatasi ya nyimbo.

"Huo mlima?" mzee mmoja akauliza. "Mbona ni uma wa kulia wali?"

Nikaandika mto. "Na huo ni chanja ya mama yako," akasema. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakasali. Niliinamisha kichwa kuliko wote.

Baada ya mwezi, tukiwa kwa jirani, mama alinitaka niwaandikie tena. Nikaandika moto na maji. Kwa vile walisubiri zaidi, nikaandika mlima.

"Si ule uma wa siku ile?" dada akauliza kutoka mlangoni.

"Anawaandikia mnazoziweza," mama akajibu, na watu wakacheka. Dada hakucheka.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata kwenye chanja. Alikuwa akigeuza dagaa kwa viganja, bila kuinua kichwa.

"Unajua ngapi?"

"Thelathini."

"Na mwezi uliopita?"

Nikaanza kugeuza dagaa wa upande wangu.

"Thelathini," akajijibu mwenyewe. Akasogea chanja ya pili. "Fundi kampa mtu mwingine ile mashine niliyokuwa nikijifunzia."

"Lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kusoma."

Kwanza niliwaza niende kwa fundi kabla ya kumwambia mama, kisha nikawaza nimwambie mama kwanza, kisha nikaona kwamba hata hapo nilikuwa nachagua. Nikaingia jikoni.

"Mama, sijasoma. Muda wote huu nilikuwa nachagua programu."

"Wiki zote hizi?"

"Sita."

Aliendelea kupepeta mchele. "Watu wazima wamepiga magoti kwenye saruji kwa ajili yako," akasema mwishowe. "Alhamisi utawaambia wewe. Mimi sitasema."

Niliwaambia. Nilijiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache: kwamba nilipewa muda nikauchezea, na asubuhi nilizopewa zilikuwa za dada. Mwenyekiti alifungua kitabu chake cha nia.

"Sasa hii yako tuifute au tuiache?"

"Iacheni," mama akasema. "Lakini mtangulizeni dada yake, apate mashine."

Wakamtanguliza. Fundi alikuwa amemwambia asubiri hadi mwanafunzi yule amalize, kwa hiyo kila asubuhi anakwenda Usagara, anakaa kwenye benchi na kumtazama mwenzake akishona. Mimi nimerudi kwenye chanja. Nimebaki na programu ile ya kwanza, yenye sura ya fomu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu kwenye simu siku niliyofuta nyingine. Nimefika kadi ya sabini na mbili, na zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Sidhani zitatosha.

Dada sijamuuliza kama amenisamehe. Naogopa atasema ndiyo upesi, ili nirudi kusoma.