Siku Watachoka Alipoagwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Madimba palikuwa na mbwa aitwaye Watachoka, na jina hilo alipewa kwa ajili ya majirani. Bibi yangu, aliyenilea wakati mama akifanya kazi mjini, alikuwa mtu wa swala tano, na watu hawakumwelewa. Mwenye swala zake anafuga mbwa wa nini? Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, walisema. Bibi akawajibu kwamba nguruwe pori nao hawaingii, na anayeona vibaya aje alinde mihogo yeye. Kisha akampa mbwa lile jina, akawa analiita kwa sauti ya juu kila jioni ili wasikie. Sisemi kwamba walichoka.

Watachoka alikuwa na rangi ya udongo, sikio moja limechanwa na nguruwe. Alilala nje, kwenye upenu wa jiko. Bibi hakuwahi kumgusa. Mate ya mbwa yakikupata unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na Bibi hakuwa na muda wa kuosha mara saba kila siku. Chakula alimsukumia kwa fimbo. Mimi ndiye niliyemkumbatia, na mimi ndiye niliyesuguliwa baadaye huku nikipigiwa kelele.

Mwaka ule, msimu wa korosho, alizeeka ghafla. Ngedere walimpita wakimcheka, au mimi niliona hivyo. Bibi akaniweka chini, akaniambia jambo alilolisikia kwa mama yake: mbwa aliyelinda nyumba hafii nyumbani. Siku yake ikifika huondoka mwenyewe, na akiondoka haitwi.

"Ukimwita akageuza shingo," alisema, "anaondoka na aliyemwita. Umenisikia, Somoe?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia kweli. Ila kusikia ni jambo moja, na kumwona rafiki yako anaondoka ni jambo jingine kabisa. Siku chache baadaye nilikuwa naokota korosho nilipomwona akiinuka, akanywa maji, akajinyoosha miguu ya nyuma, akashika njia ya kwenda kwenye mikoko. Hata kunitazama hakunitazama. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alipofika kwenye mkorosho wa mwisho, mikono ikatoka yenyewe.

"Watachoka!"

Akageuza shingo.

Alirudi akitikisa mkia, akanilamba magoti. Furaha yangu ilidumu mpaka tulipofika uani. Hapo ndipo maneno ya Bibi yaliponirudia, nikaingia ndani bila kusema kitu.

Kesho yake niliamka na homa. Bibi alinipeleka zahanati, nikapewa vidonge, navyo nisivivunjie heshima: nadhani vilifanya kazi yake. Lakini pale kitandani mimi nilijua ninakufa kwa ajili ya nini. Watachoka alikuwa amejilaza mlangoni, hali, hanywi, ananitazama. Niliamini ananisubiri tuondoke pamoja.

"Bibi," nikasema, "mimi nilimwita."

"Ulimwita nani?"

"Watachoka. Alikuwa anaondoka. Akageuka."

Nilitegemea kofi. Bibi akatazama mlangoni, akanitazama mimi. Leo nadhani alikuwa anatafuta njia ambayo mama yake hakumwonyesha.

"Ntoto we," alisema mwishowe, "ulimwita, halafu hukumwambia neno. Ndiyo maana kakaa, analingoja. Inuka."

Alileta unga wa mtama kwenye kisahani, akamimina kidogo sakafuni, karibu na pua ya mbwa, kama wazee wetu wanavyofanya wakitaka kusema na waliotangulia. Akaniambia nikae hapo nimtajie Watachoka yote aliyonifanyia.

"Usimwombe kitu. Nshukuru tu, kisha nwache aende."

Nikaanza. Nilimshukuru kwa mihogo tuliyokula kwa sababu yake. Nilimshukuru kwa yule nyoka, swila, aliyembwekea njia ya chooni, mimi nikiwa hatua mbili tu nyuma yake. Nilimshukuru kwa kunisindikiza shule kila asubuhi mpaka karibu na msikiti, ambapo alisimama mwenyewe, kwa kuwa alijua mwisho wake ni pale. Nilipofika kwenye lile sikio lililochanwa nikashindwa kuendelea, nikalia.

Ndipo Bibi alipochuchumaa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Watachoka, kiganja kizima, akamkuna lile sikio. Mbwa akaulamba mkono wake.

"Ahsante, baba," Bibi alimwambia. "Umetulinda. Nenda."

Kisha akachukua ndoo akaenda nyuma ya nyumba. Nilimhesabia kupitia dirishani. Aliosha mara saba, na udongo, bila haraka, akijifuta macho kwa kiwiko.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imeshuka. Watachoka aliinuka, akashika njia ile ile. Mimi na Bibi tulisimama uani, nimeikamata khanga yake. Kwenye mkorosho wa mwisho mbwa alisimama kidogo, nami nikabana pumzi. Hakugeuka. Hatukumwona tena.

Sijui kama maneno ya wazee yale ni ya kweli. Mdogo wake Bibi aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba la kutoita analijua, ila la kushukuru hakuwahi kulisikia popote; pengine Bibi alilitunga siku ile kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Inawezekana. Mimi lilinitosha.

Mwaka jana Bibi alilala chumbani kwa mama, kule mjini Rahaleo, siku tatu hajala. Tulimzunguka wote. Kila akifumba macho, mmoja wetu aliita: "Mama!" "Bibi!" Naye akafumbua kwa tabu, akageuza shingo. Siku ya tatu, shahada ilipokwisha kusomwa, nikawaomba wanyamaze. Nikamshika mkono. Nikamshukuru kwa mihogo na uji, kwa kofi ambalo hakunipiga, na kwa mkono huu huu aliouosha mara saba.

"Ahsante, Bibi," nikasema. "Umetulinda. Nenda."

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi hakugeuka.